Mashine ya Mtu Mmoja

Kila Ijumaa, mkewe akishatoka kwenda soko la Lewisham kuchagua ndizi, mzee Telesphor alishusha pazia la sebuleni, akavaa miwani ya kusomea, akaiharibu kompyuta yake.

Hakuiharibu kwa hasira. Aliiharibu kwa upole, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Alilegeza skrubu, akainua bati la juu, akachungulia, akachagua. Juma hili kilikuwa kipande cha kumbukumbu, kile cheusi chenye miguu mingi. Alikibinua kwa bisibisi akakificha kwenye kopo la majani ya chai, ambalo Placida halifungui kwa kuwa yeye ni mtu wa kahawa. Juma lililopita ulikuwa waya bapa unaokwenda kwenye diski. Aliuchomoa kidogo tu, kiasi kwamba kwa macho uko mahali pake na kwa umeme haupo. Kisha alirudisha bati, akafuta alama za vidole, akafungua pazia, akakaa na gazeti la bure la kwenye treni kama mtu asiye na dhambi.

Mashine yenyewe ilikaa kwenye pembe ya sebule ambayo Placida aliitaka kwa kabati la vyombo tangu wahamie nyumba hiyo. Sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, zito kama gunia la mchele, lenye skrini iliyotuna na kipanya cha vitufe vitatu. Ilitengenezwa Bow, mashariki ya London, katikati ya miaka ya themanini, na kampuni ndogo iliyopanga juu ya karakana ya mbao kando ya mfereji. Placida aliiita mke mwenza. "Mke mwenzangu ameamkaje?" angeuliza asubuhi. "Hapiki, hafui, salamu haitikii, na bado ndiye aliyepewa pembe nzuri." Telesphor alikoroga chai yake.

Ukimwuliza mpita njia kwa nini mzee mwenye akili timamu aharibu kitu anachokipenda, atakuambia ni uzee. Si uzee. Ni Mpare.

Telesphor ni Mchaga wa Kibosho, na rafiki yake Evans ni Mpare wa Usangi. Wachaga na Wapare ni watani, na kwa asiyejua, utani si mzaha wa kupitishia muda. Ni haki. Mtani atakucheka ukiwa umevaa suti yako ya pekee, atakuvua kofia aondoke nayo mpaka uikomboe, atasema mbele ya wakwe zako kwamba ulikuwa mwizi wa ndizi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Wawili hawa walikutana London wakiwa vijana, kila mmoja na koti lake jembamba, na utani ndio uliowapasha moto. Baadaye wote wawili walifanya kazi kwenye kampuni ile ya Bow, Telesphor kwenye vyuma na Evans kwenye mfumo endeshi. Evans hakuwahi kumwita Telesphor kwa jina. Alimwita Mangi, kana kwamba ni chifu, kisha akamtendea kana kwamba amemkuta bandani kwa kuku wake. Telesphor naye alimweleza kila aliyetaka kusikia kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Ila kati yao kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: hakuna kuoneana huruma. Mtani wako akikuonea huruma, ujue umekwisha.

Ndiyo maana Gladness, mke wa Evans, alipofariki, Telesphor alishikwa pabaya. Siku ya maziko alitimiza wajibu wake. Alisimama kwenye ukumbi wa kanisa akauliza ni Mpare gani huyu anayechagua siku ya mvua ili watu wawahi kuondoka na chakula kibaki. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, na Evans alicheka kuliko wote. Kisha Evans akarudi Hayes, kwenye nyumba yake karibu na uwanja wa ndege, akafunga mlango. Alikwishastaafu kazi ya ghala la mizigo, na hapakuwa na mahali popote alipongojewa. Ukimpigia simu anasema, "Nipo." Placida alikwenda kumtazama, akarudi kimya, na alipobanwa aseme alisema tu kwamba ndani ya friji alikuta maziwa na rimoti ya televisheni.

Telesphor alitaka kumwambia: njoo ule na sisi, usikae peke yako, tunakuogopea. Maneno yalimfika kooni yakagoma. Akapiga simu akasema, "Wewe Mpare, ule mfumo endeshi wenu wa ovyo umeiua mashine yangu. Njoo utengeneze ulichoharibu."

"Mfumo hauna kosa," Evans akasema. "Kosa ni chuma chako."

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu, mfuko wa bisibisi mkononi. Mashine kwa kweli ilikuwa nzima kabisa mpaka asubuhi ile. Telesphor aliiwahi wakati Mpare yuko njiani.

Tangu hapo ikawa kila Jumamosi. Evans alivuka London nzima kwa treni ya Elizabeth na ile ya DLR, akatukana chakula cha Wachaga kisha akala mtori wao wa ndizi bakuli mbili, akafungua sanduku, akalipata kosa, akalitengeneza kwa matusi, na bado mashine haikuwaka. Mwanzoni ilikuwa ikikaribia, ikitoa maandishi mawili matatu kabla ya kuzimika. Siku hizi ilikuwa haitoi hata nukta. "Imezeeka kama mwenye nayo," Evans husema, nao hukubaliana waendelee juma lijalo. Mashavu yake yalirudi kuwa na nyama. Telesphor aliyatazama mashavu hayo kama mkulima anavyotazama shamba lake.

Sasa basi, Jumatano moja Placida aliweka sahani mezani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu, "Jumamosi wanakuja kumchukua mke mwenzangu."

"Akina nani?"

"Watu wa makumbusho. Nimewapigia. Wanafanya maonyesho ya kompyuta zilizotengenezwa hapa London, na ya Bow hawajapata hata moja. Nimeongea na binti mmoja anaitwa Varsha. Baba yake ni mzee Kanti, alikuwa na duka Moshi, na ameniamkia kwa Kiswahili. Akaniuliza kama inafanya kazi. Nikamwambia kuna wazee wawili wanaitengeneza miaka nenda miaka rudi, kufikia Jumamosi itakuwa tayari."

"Na isipokuwa tayari?"

"Mbovu hawazitaki, wanazo stoo zimejaa. Wanataka inayowaka, watoto wa shule waione." Placida alikaa, akamtazama. "Majina yenu yataandikwa ukutani, Baba Lilian. Nilidhani utafurahi."

Alifurahi, tusimsingizie. Aliliona jina lake ukutani, kubwa, na chini yake Waingereza wamesimama mikono nyuma wakisoma. Lakini furaha ile haikumaliza hata sahani moja ya wali. Mashine ikiwaka, inaondoka. Ikiondoka, Evans atakuja Lewisham kufanya nini? Mpare havuki London bila sababu, na sababu yenyewe ndiyo hiyo iliyokuwa pembeni inakusanya vumbi. Atabaki Hayes na rimoti yake kwenye friji.

Ingekuwa rahisi kuiacha mbovu. Telesphor aliliwaza hilo Jumatano yote na Alhamisi mpaka jioni, na lililomzuia halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la Evans. Kampuni ya Bow ilikufa mapema, baada ya kompyuta ndogo za bei nafuu kujaa kila ofisi na mashine za aina yao kukosa mnunuzi. Siku ya kufunga kila mtu alibeba alichoweza. Telesphor alipanda basi na mashine mapajani, kondakta akamwuliza kama televisheni hiyo inaonyesha rangi. Yeye alipata kazi kwenye kompyuta za halmashauri, kiti cha kuzunguka na chai ya bure. Evans alikwenda ghalani Heathrow kupakia masanduku, na kwa miaka yote aliyokaa kule hapakuwa na mwenzake hata mmoja aliyejua kwamba mtu huyu aliwahi kufundisha mashine kusoma na kuandika. Kumnyima mtani wako bakuli la mtori ni utani. Kumnyima jina lake ni wizi.

Basi Ijumaa, pazia likiwa chini kama kawaida, Telesphor alifanya kinyume cha kawaida. Alitoa kipande kwenye kopo la chai, akakirudisha. Akakaza waya bapa. Akapitia kila alichowahi kukigusa, swichi kwa swichi, mpaka akawa na hakika kwamba ndani ya sanduku hilo hakuna hila yake hata moja. Kisha akaiwasha, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwenyewe kwa muda mrefu, maana kazi yake ilikuwa kuharibu na kuwasha ilikuwa kazi ya Evans.

Feni ilizunguka. Diski ililia kidogo ikatulia. Skrini ikabaki nyeusi.

Alizima, akawasha tena. Nyeusi. Alikaa sakafuni na bisibisi yake, magoti yakimuuma, na kwa mara ya kwanza akaogopa sana. Miaka yote hiyo ya kubinua na kuchomoa, kuchomoa na kubinua: mtu gani angetegemea vyuma vizee vivumilie? Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na ya kwake iliishia hapo kwenye zulia. Alikuwa ameiua kweli. Placida aliporudi na ndizi alimkuta bado amekaa chini, akamuuliza kama amemposa upya mke mwenza.

Jumamosi saa nne Evans aligonga mlango. Alivua viatu korido, akamsalimu shemeji yake Placida kwa heshima zote, akamgeukia Telesphor. "Mangi, mbona umevaa tai? Kuna mkutano wa wauza ndizi?"

Placida ndiye aliyemweleza, mwanzo hadi mwisho: makumbusho, gari, majina ukutani. Telesphor alingoja dhihaka. Haikuja. Evans alishika mfuko wake wa bisibisi kwa mikono yote miwili akasema, "Leo hii?" Kisha akasema, "Vizuri. Vizuri sana," na akaenda kukaa karibu na mashine kwa muda bila kuigusa.

Varsha alifika na gari la mizigo lenye dereva aliyebaki nje akila sandwichi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya kukimbilia na kinasa sauti kidogo. "Shikamoo Uncle, shikamoo Auntie," akasema, akakaa kwenye ncha ya kochi. "Baba anawasalimia. Kiswahili yangu ni ya jikoni, mtanisamehe. Kabla hamjaiwasha, nataka record kidogo. Hii kitu, workstation, mwanzo wake ulikuwa wapi? The very beginning."

Huwezi kuwauliza watani wawili swali moja ukategemea jibu moja.

"Mwanzo ni mashine," alisema Telesphor, akirekebisha tai. "Nilipofika chuo hapa, kompyuta ilikuwa moja. Inakaa nyuma ya kioo, na sisi tunaigawana kwa terminali, yaani skrini na kibodi tu. Mkiwa wengi, kila mtu anasubiri. Unaandika herufi, unakwenda kununua chai, unarudi, haijatokea. Sasa huko California, miaka ya sabini, kuna watu waliuliza swali la kukosa adabu: kwa nini mtu mmoja asipewe kompyuta nzima peke yake? Wakatengeneza. Skrini kubwa kama karatasi, kipanya cha kuonyeshea, waya wa kuiunganisha na za wenzako. Watu wakacheka, wakasema ni ubadhirifu. Miaka kumi baadaye kila mhandisi anaitaka. Sisi Bow tuliwafuata hao. Tulisema: kumbukumbu ya baiti milioni moja, nukta milioni moja kwenye skrini, kazi milioni moja kwa sekunde. Bodi zake nilizilehemu kwa mikono hii."

"Na ukaunguza mbili," alisema Evans. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. "Binti, usimsikilize. Hicho anachokisema ni sanduku. Hata jeneza ni sanduku. Mwanzo ni mfumo. Wahandisi wa kampuni ya simu huko Marekani, mwisho wa miaka ya sitini, waliuandika kwenye mashine ndogo iliyokuwa imetelekezwa na wenzao. Waliuandika ili watu washirikiane. Kila mtu ana chumba chake, kila faili lina mwenyewe, na unasema nani asome, nani aandike, nani akae mbali. Vyuo vikuu vikauchukua, wanafunzi wakaongeza yao. Na ulikuwa na tabia moja nzuri, ungeweza kuuhamisha kutoka mashine hadi mashine. Wenye masanduku walipokuja na masanduku yao, wengine walijaribu kuandika mifumo yao wenyewe wakachoka, wengi wakauchukua huu. Hata sisi. Kazi yangu ilikuwa kuufundisha uishi kwenye chuma cha huyu Mchaga, na haikuwa kazi ndogo, chuma chenyewe kilikuwa kibishi kama aliyekilehemu."

"Yaani mlichukua kijiji cha ujamaa," alisema Placida, "mkakiweka kwenye nyumba ya mtu mmoja."

"Ndivyo hasa, shemeji."

"Na ujamaa ule ule," alisema Telesphor. "Kila mmoja anangoja mwenzake aanze."

Varsha alicheka, akazima kinasa, akatazama saa. "Sasa tuiwashe? Driver wangu ana parking ya muda mfupi."

Telesphor alifungua mdomo akiri kwamba mashine imekufa, lakini Evans alikuwa amekwisha kusimama. "Nipeni nafasi kidogo peke yangu," alisema. "Haipendi kutazamwa. Mangi, mpeleke mgeni jikoni, umpe chai, ufanye kazi yenye manufaa angalau mara moja."

Wakaenda jikoni. Telesphor alimimina chai, Placida akamsimulia Varsha habari za mke mwenza, na Varsha akacheka mpaka akashika meza. Telesphor hakusikia hata neno. Alikuwa akifikiri juu ya Evans huko sebuleni, anahangaika na maiti, asijue ni nani aliyeiua. Hakuweza kuvumilia. Aliweka kikombe akarudi sebuleni polepole kwa soksi, akiwa tayari kusema kila kitu, hata kopo la chai.

Evans alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lililofunguliwa. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa, akakikunjua. Ndani yake kulikuwa na kipande cheusi chenye miguu mingi, kikubwa kidogo kuliko vile vya kumbukumbu. Telesphor alikifahamu mara moja, maana alikilehemea tundu lake mwenyewe. Ndicho kinachobeba maneno ya kwanza ya mashine, yale inayoyasoma inapoamka kabla hata ya kujua kwamba ina diski. Evans alibinua kilichokuwa kwenye tundu hilo, akakitia mfukoni, akasukuma hicho kingine mahali pake kwa kidole gumba.

"Wewe," alisema Telesphor.

Evans hakuruka wala kugeuka. "Sema polepole, Mangi. Mtoto wa watu yuko jikoni."

"Umekuwa ukiondoka nacho."

"Mpaka Hayes. Narudi nacho, naondoka nacho. Hicho kingine kimekufa, nilikiweka tundu lisionekane wazi." Alikaza skrubu moja, kisha nyingine. "Na vya kwako ulikuwa unavificha wapi? Maana uzee nimeuona mwingi, lakini sijaona uzee unaotumia bisibisi."

Telesphor alikaa kwenye kochi. Aliona aibu na kicheko vinamjia kwa pamoja. "Ulijua tangu lini?"

"Juma la pili."

"Basi kwa nini na wewe..."

Evans aliendelea kuangalia skrubu zake. "Ule mwaka ulipougua kifua ukalala chumbani juu siku nyingi. Nilikuja Jumamosi, shemeji akanifungulia, nikakaa hapa peke yangu na mashine. Nikaiwasha. Ulisahau kuiharibu, Mangi. Ikaamka yote, mpaka mwisho, ikaniuliza jina. Nikaogopa. Nikaizima kabla shemeji hajaingia na kahawa. Nikaona huyu mzee akipona na kuikuta nzima atasema ahsante Evans, kazi imekwisha."

Telesphor alitafuta tusi la kumjibu. Alikuwa nayo mengi, ya kila saizi, na siku hiyo hayakuja. Akasema, "Iwashe, bwana."

Waliwaita wanawake. Evans alibonyeza swichi, feni ikazunguka, diski ikapanda sauti, na kwenye skrini ile nyeusi mistari ya maandishi meupe ikaanza kushuka. Ilihesabu kumbukumbu yake, ikakagua diski, ikalalamika kwamba haijui leo ni tarehe gani kisha ikaamua kwamba bado ni miaka ya themanini na kuendelea. Placida, aliyeishi na sanduku hilo maisha yake yote ya ndoa, alisogea karibu akaweka mkono mdomoni. Mwishoni maandishi yalisimama, na chini kabisa kukabaki neno moja la kuuliza jina, na alama ndogo inayopepesa.

"It's beautiful," alisema Varsha taratibu. Kisha akainamisha kichwa. "Lakini Uncle, ni mashine ya mtu mmoja. Kwa nini inauliza wewe ni nani?"

"Ni mfumo," alisema Telesphor. "Mjinga. Umeambiwa nyumba ni ya mtu mmoja, bado kila asubuhi unauliza nani amekuja."

"Si mjinga," alisema Evans. "Hauamini tu kwamba mtu anaweza kukaa peke yake."

Likaja suala la majina. Varsha alitaka kujua aandike nini ukutani: nani alitengeneza? Kila mmoja alimnyooshea kidole mwenzake. Evans alisema aanze Mchaga, maana Mchaga akiwekwa wa pili hupata homa. Telesphor alisema aanze Mpare, la sivyo makumbusho yatashitakiwa mpaka yauze milango. Placida alisema aandikwe yeye, aliyeilisha umeme. Mwishowe Varsha aliyaandika yote mawili kwenye mstari mmoja na kukataa kusema lipi limetangulia. Dereva aliingia akabeba sanduku, akashangaa uzito wake, akafunikwa mlangoni na maelekezo ya wazee wawili ambao kila mmoja alijua namna bora ya kulibeba. Gari likaondoka.

Pembeni pakabaki mraba wa zulia ambao rangi yake ilikuwa bado mpya. Placida aliutazama, akasema kwamba kabati lingeingia vizuri sana, na akaenda jikoni kuosha vikombe. Hakusema kwa furaha aliyokuwa ameitayarisha.

Walikula mtori. Evans alikula bakuli moja. Kisha akainuka, akavaa koti, akachukua mfuko wake wa bisibisi. "Basi, Mangi," alisema. "Kazi imekwisha. Mashine yako imepata kwao." Akamshukuru shemeji kwa chakula cha miaka yote, kwa maneno marefu yenye adabu, kama mtu anayeaga kwenda safari. Akaenda korido kuvaa viatu, na cha kushoto hakukiona.

Telesphor alisimama mlangoni pa sebule, mikono nyuma. "Nimekikamata," alisema. Hiyo ilikuwa haki yake, na kwa kawaida hapo ndipo Evans angeanza kumlaani yeye na ukoo wake na migomba yao, kisha waanze kupatana namna ya kukikomboa. "Nitakupa ndala za Placida uendee kwenu. Kiatu utakifuata Jumamosi, saa nne."

Evans alikaa kwenye ngazi, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi iliyotoboka kidoleni. Hakulaani. "Nipe kiatu, Mangi."

"Kikomboe."

"Hapana." Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtisha Telesphor kuliko hasira. "Visingizio vimetosha. Nimebeba kipande cha chuma kwenye treni nenda rudi kama mwendawazimu, na sasa nianze kufuata kiatu? Mimi mtu mzima. Ukiwa na neno, liseme. Kama huna, nipe kiatu changu niwahi treni."

Jikoni maji ya bomba yalizimwa. Placida hakutokea, lakini vikombe viliacha kugongana. Telesphor aliyasikia yale maneno ya zamani yakipanda kooni, yale yale yaliyogoma baada ya Gladness kuzikwa, na yakagoma tena pale pale. Alikitazama kidole cha Evans kilichochungulia kwenye soksi. Hapakuwa na mtu wa kumtolea macho na kumshonea soksi huyu mtu. Akakitoa kiatu nyuma ya mgongo, akainama kwa shida, akakiweka sakafuni mbele ya mguu huo.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Hakuna kilichoharibika. Njoo tu."

Evans alivaa kiatu. Alifunga kamba polepole, akaifungua, akaifunga tena, kichwa kikiwa chini muda wote.

"Saa ngapi?" aliuliza.